Mashimo 18 ya Augusta: Bustani inayowatoa jasho mabingwa

KWA mashabiki wa gofu nchini, kuna Jumapili moja ya Aprili ambayo huwa ya kukesha. Saa za Augusta, jimboni Georgia, Marekani, ziko nyuma ya zetu kwa saa saba. Bingwa wa Masters anapovishwa koti la kijani jua likitua kule, Nairobi huwa yapata saa nane za usiku.

Anayeutazama uwanja huo kwa mara ya kwanza hushangaa. Nyasi ni kama zulia, maua yamechanua na miti ya misonobari imesimama kwa safu. Hakuna kichaka cha kumezea mpira. Vipi basi wachezaji hodari duniani wakaaibika mahali pazuri namna hii?

Viwanja vya gofu ni vya aina nyingi, lakini mbili ndizo mashuhuri. Kuna vile vya pwani ya Uskoti, vyenye ardhi ya kichanga na upepo mkali bila mti wowote. Kisha kuna vya bara, vyenye miti, mabonde na nyasi laini, kama tunavyoviona Muthaiga na Karen. Augusta ni wa aina hii ya pili. Ardhi yake ilikuwa kitalu cha miche, na ndiyo sababu kila shimo lina jina la mmea. Hata hivyo, Bobby Jones na Alister MacKenzie, waliouchora miaka ya mwanzo ya 1930, walivutiwa mno na St Andrews ya Uskoti. Wakaacha njia pana ili mchezaji achague mwenyewe pa kupitia. Hapo ndipo penye mtego: uwanja huu humshawishi mtu ajishinde.

Kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mahiri: mitatu, minne au mitano. Jumla ya Augusta ni 72, katika umbali wa zaidi ya yadi 7,500.

Shimo la kwanza, la mikwaju minne, lina banka kubwa la mchanga upande wa kulia. Mnamo 2025, Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini aliianza siku ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju miwili. Alitumia sita hapo, na faida yake yote ikayeyuka kabla hajatoa jasho. La pili ni refu, yadi 585, na huteremka likipinda kushoto; ndipo Louis Oosthuizen wa Afrika Kusini alipoutumbukiza mpira kwa mkwaju wa pili mnamo 2012, akapokonya uongozi, na bado akashindwa jioni. La tatu ni fupi, yadi 350 tu, nalo huwadanganya wengi kwa ufupi wake. La nne na la sita ni ya mikwaju mitatu, la tano ni refu na gumu, la saba ni jembamba kama kichochoro, na la nane hupanda mlima.

Kwenye la tisa ni vyema tutue kidogo. Grini yake, yaani ile sehemu ya nyasi fupi kabisa inayozunguka tundu, imeinamia mbele. Mpira ukitua pungufu kidogo hurudi ukiviringika hadi chini. Greg Norman wa Australia aliyaona hayo mnamo 1996, siku aliyoanza akiwa mbele kwa mikwaju sita na kumaliza akiwa nyuma kwa mitano.

Miinamo hii runinga haiionyeshi ipasavyo. Waliokuwa wakiijua kwa undani ni makedi wa klabu, wote Waamerika weusi, ambao hadi 1982 ndio pekee walioruhusiwa kubeba mifuko katika Masters. Carl Jackson, mmoja wao, alimwongoza Ben Crenshaw kulitwaa taji mnamo 1984 na 1995. Lakini mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, hakushiriki hadi 1975, na klabu haikumpokea mwanachama mweusi hadi 1990. Wanawake walisubiri hadi 2012. Uzuri wa bustani hii una historia yake, na si yote ya kunusia maua.

Shimo la kumi huteremka takriban mita 30 likipinda kushoto. Hapa ndipo McIlroy, akiwa kijana wa miaka 21 mnamo 2011 na bado akiongoza, alipoupiga mpira ukagonga mti na kuangukia kando ya nyumba za wageni. Alitumia mikwaju saba. Alimaliza siku kwa 80, na koti likaenda kwa Charl Schwartzel wa Afrika Kusini.

Kuanzia hapo mtu huingia Kona ya Amina, jina ambalo mwandishi Herbert Warren Wind aliwapa majirani hawa mnamo 1958. La kumi na moja lina kidimbwi kushoto mwa grini. Wenye hekima hulenga kulia na kuridhika. La kumi na mbili ni yadi 155 tu, umbali ambao mchezaji wa kulipwa huupiga kwa fimbo ndogo. Lakini grini ni nyembamba, mbele yake kuna kijito cha Rae, na upepo huzunguka kati ya miti bila kutoa ilani. Bendera ikiwekwa kulia, tamaa huamka. Jordan Spieth alitumia mikwaju saba hapa mnamo 2016 baada ya kutumbukiza mipira miwili majini, akapoteza taji. Mnamo 2019 Francesco Molinari wa Italia, aliyekuwa akiongoza, aliupeleka mpira kijitoni. Tiger Woods, aliyekuwa naye, akalenga katikati ya grini, mbali na bendera, akashinda taji lake la tano.

La kumi na tatu, la mikwaju mitano, huuliza swali kwa uwazi zaidi: utavuka maji kwa mkwaju wa pili au utatua kabla yake? Mnamo 2010 Phil Mickelson alivuka kwa kupitisha mpira kati ya misonobari miwili, akawa bingwa. Mnamo 2025 McIlroy alichagua salama, akatua kabla ya maji, kisha kwa mkwaju mfupi ambao hata mchezaji wa Jumamosi angeuthubutu, akautumbukiza majini.

La kumi na nne halina banka hata moja. La kumi na tano lina maji tena, na ndipo Gene Sarazen alipoutumbukiza mpira tunduni kutoka yadi 235 mnamo 1935. La kumi na sita hupita juu ya kidimbwi. La kumi na saba lilikuwa na msonobari ambao Rais Eisenhower aliomba ukatwe, akakataliwa. Dhoruba ya barafu ndiyo iliyouharibu, ukaondolewa mnamo 2014.

La kumi na nane hupanda kupitia mwanya mwembamba wa miti. Mnamo 1988 Sandy Lyle wa Uskoti aliingia mchangani hapa, akaupiga vyema na kushinda.

Wakenya wana sababu ya kuufahamu mlima huo. Seve Ballesteros, Ian Woosnam na Trevor Immelman walishinda Kenya Open mnamo 1978, 1986 na 2000, kabla ya kuvaa koti la kijani.

Na McIlroy? Mnamo 2025 alilifikia la kumi na nane akihitaji mikwaju minne tu ili ashinde. Alitumia mitano. Akarudishwa pale pale na Justin Rose kwa mchujo, akaupiga mpira wa pili hadi karibu na tundu, akautumbukiza na kupiga magoti nyasini, miaka 14 baada ya ule mti wa shimo la kumi.