Nani ashike chupa ya esansi?



Tembea asubuhi katika barabara yoyote ya Kasongo, au katika senta yoyote ya Kabambare ambako pikipiki zinapita. Hutakosa kuona meza ndogo mbele ya nyumba, na juu yake chupa za esansi zimepangwa. Chini ya meza kuna bidoni ya njano. Pembeni kuna chupa ya plastiki iliyokatwa katikati, hiyo ndiyo ya kumiminia. Mmotari anasimama, anafungua tangi bila kuzima mashine, anaita: “Mama, unipatie lita moja!” Mama yuko nyuma ya nyumba anasonga ugali. Anajibu kwa sauti: “Mwanangu, toka umpimie baba.” Na mtoto wa miaka minane au tisa anatoka na chupa mkononi.

Hakuna kati yetu asiyejua jambo hili. Wengi wetu tunalisha watoto kwa meza hiyo. Kwa hiyo juma hili tunataka tuulizane bila kulaumiana: je, sheria ingepaswa kusema nani anaruhusiwa kumimina esansi, na nani hapana?

Kule ambako sheria imesema

Swali hili si letu peke yetu. Katika jimbo la New Jersey, kule Marekani, sheria ya mwaka 1949 inamkataza dereva kujijazia esansi mwenyewe. Lazima anayefanya kazi kwenye pompa ndiye amjazie. Jimbo la Oregon liliweka sheria kama hiyo mwaka 1951, na liliishika zaidi ya miaka 70. Mwaka 2023 ndipo liliruhusu dereva achague: kujijazia au kujaziwa. Brazil nayo ilikataza pompa za kujihudumia mwaka 2000.

Sababu zao zilikuwa nyingi. Walisema esansi inashika moto upesi, na anayeishika kila siku anajua hatari yake kuliko mpita njia. Walisema wazee na walemavu wanahitaji msaada. Walisema vijana watapata kazi. Na Oregon iliandika sababu nyingine ambayo mama yeyote ataielewa: dereva akishuka kwenda kulipa, watoto wadogo wanabaki peke yao ndani ya gari.

Waliopinga nao walikuwa na neno lao. Walisema mtu mzima anaweza kujifunza kazi hiyo kwa dakika moja, na kwamba katika sehemu kubwa ya Marekani watu wanajijazia kila siku bila taabu. Ukisikiliza pande zote mbili, utaona jambo moja walilokubaliana: anayemimina awe mtu mzima anayejua anachofanya.

Kwetu sheria hiyo ingemkuta nani?

Tukiileta sheria ya New Jersey huku kwetu kama ilivyo, haitabadilisha kitu. Kando ya barabara zetu dereva hana pompa ya kushika. Esansi inatufikia kutoka mbali, ndani ya mapipa na bidoni, juu ya malori na pikipiki, katika njia zenye matope. Inauzwa kwa lita, kwa chupa. Mmotari anaihitaji. Mwenye mtumbwi wa mashine kule Kasongo-Rive anaihitaji. Wachimba dhahabu wa upande wa Salamabila wanaihitaji kwa motopompa zao. Anayechaji simu za watu kwa jenereta anaihitaji. Wote wanapita mezani kwetu.

Kwa hiyo kwetu dereva tayari anajaziwa. Shida ni yule anayemjazia. New Jersey walimweka mtu mzima mahali pa dereva. Sisi tumemweka mtoto.

Wengine watasema: basi serikali ikataze kabisa kuuza esansi kwa chupa. Hapo tujihadhari. Sheria ya nchi yetu kuhusu mafuta ya aina hii, namba 15/012 ya tarehe 1 Agosti 2015, tayari inataka anayeyasambaza awe na ruhusa. Lakini pasipo kituo cha kweli karibu, amri ya kukataza meza haitaondoa hitaji la esansi. Itaiingiza tu ndani ya nyumba. Bidoni itafichwa chini ya kitanda, na biashara itafanyika usiku, kwa mwanga wa taa. Mama atalipa faini leo, kesho ataanza tena kwa siri, kwa sababu minervali ya mtoto wa sekondari haijangoja. Hatari itakuwa kubwa kuliko ya sasa.

Katazo tunaloliona la haki ni dogo, na linaeleweka na kila mtu: mtoto asiguse esansi. Na hilo halihitaji kungoja sheria mpya kutoka Kinshasa. Sheria ya kumlinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumpa kazi inayoharibu afya yake au usalama wake. Kumimina esansi karibu na mashine ya moto ni kazi ya namna hiyo.

Kwa nini tunasema kwa ukali

Kinachoshika moto ni mvuke wa esansi, na mvuke huo hatuuoni. Ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi wa kuni, bali unatambaa chini, unaweza kufika kwenye mbabula iliyo mbali na bidoni, kisha moto unarudi kwa njia ileile hadi kwa aliyeshika chupa. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na tangi. Hajui kusema “zima mashine” kwa mtu mkubwa. Na akimwagikiwa na esansi kwenye nguo, ataficha ili asigombezwe.

Tusisahau Sange, jirani zetu wa Kivu ya Kusini, kwenye njia ya Uvira na Bukavu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la esansi lilipinduka pale. Watu walikuja kuteka iliyomwagika, wengine walikuwa karibu tu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, watu zaidi ya 230 walikufa, kati yao wamama na watoto wengi. Na Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, ilikuwa vilevile: lori lilianguka, watu wakakimbilia na bidoni, na zaidi ya 100 walikufa. Waliokufa hawakuwa wajinga. Walizoea kuiona esansi kama kitu cha nyumbani, kama maji au mawese.

Na sisi tunawazoesha watoto hivyo tunapotumia bidoni ileile ya njano kwa maji, kwa mawese na kwa esansi. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua ni ipi.

“Na nani atauza nikiwa shambani?”

Hili ndilo swali la kweli, na mama anayeliuliza hana kosa. Hauzi kwa tamaa. Akimwondoa mtoto mezani, anafunga biashara mpaka arudi.

Jibu tunaloliona ni kuunganisha meza. Wamama watatu au wanne wa mtaa mmoja, ambao tayari wanaaminiana katika likelemba, waweke meza moja badala ya nne. Kila mmoja ashike siku yake, wengine waende shamba au soko. Faida igawanywe kama walivyopatana. Hivyo daima kuna mtu mzima, na nyumba tatu kati ya nne hazilazi tena esansi ndani. Ndiyo, siku nyingine faida itapungua kidogo. Lakini dawa ya mtoto aliyeungua inakula mtaji wote, na kovu halitoki.

Mambo ya kupatana katika kundi lenu

1. Anayemimina awe mtu mzima, asiwe na sigara wala mtoto mgongoni.
2. Mmotari azime mashine na ashuke kwanza. Akikataa, aende bila esansi.
3. Meza iwe mbali na jiko na mbabula. Jua likizama, mauzo yafungwe. Taa ya moto isikaribie bidoni.
4. Esansi isilale katika nyumba wanamolala watu. Bidoni yake iwe na alama, isitumiwe tena kwa maji wala mawese.
5. Asiwepo anayevuta esansi kwa mdomo kwa mpira, na isichanganywe na petroli ya taa.
6. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Moto wa esansi hauzimwi kwa maji, yanausambaza.

Ikiwa mtoto amekunywa esansi, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mawese ili aitoe. Akitapika, inaweza kuingia kwenye mapafu. Msafishe mdomo, mvue nguo zilizolowa, mpeleke upesi kwenye kituo cha afya. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Mfunike kwa kitambaa safi, kisha mwende.

Tukikwisha kupatana sisi wenyewe, ndipo tutapata nguvu ya kwenda kwa shefu na kwa Administrata wa teritwari kusema: saidieni tupate mahali pazuri pa kuuzia esansi, nje ya makao, na mlinde patano hili kwa wote, hata kwa wauzaji wanaume. Sheria inayotoka kwa watu wanaoiishi ndiyo inayoshikwa.

Katika mkutano wa juma lijalo, kila kundi lizungumze jambo hili. Hesabuni meza za mtaa wenu, na mhesabu ngapi zinashikwa na watoto. Tuleteeni majibu, pamoja na mawazo ya wale wasiokubaliana nasi. Tutayaandika humu.