Fahamu: Alama ya h ya mtafiti wa saratani

Ukisikia mtafiti wa saratani ana alama ya h ya 40, maana yake ana makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa mara 40 au zaidi. Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Hakipandi kwa makala moja iliyovuma, wala kwa rundo la makala zisizosomwa.

Lakini kunukuliwa sana si lazima kuwe ugunduzi. Makala za takwimu za wagonjwa duniani hunukuliwa kupita kiasi, kwa kuwa karibu kila anayeandika kuhusu saratani huanzia hapo.

Na ugunduzi nao si lazima uonekane katika hesabu hiyo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Mwanzoni haikushtua wengi. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London kuhusu uvimbe huo. Mtafiti wa virusi Anthony Epstein alikuwa ukumbini, akaomba sampuli za uvimbe huo. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo daktari huweza kuuita uvimbe ule “limfoma ya Burkitt” bila kuitaja makala ya 1958, na hesabu ya kunukuliwa haiongezeki hata moja.