Kawadwa na Wimbo wa Jogoo

Mjini Jinja na Mbale, ambako Kiganda husikika sokoni pamoja na Kisoga, Kigisu na Kiswahili cha kambini, ni wachache watakaohitaji mkalimani wa neno Wankoko. Ni Bwana Jogoo wa hadithi. Jogoo huyo alimponza mtu.

Marehemu Byron Kawadwa alikuwa mtunzi na mwongozaji wa michezo ya kuigiza, na baadaye mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Michezo, Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitunga mchezo wa kuimba, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo. Muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Kazi hiyo si nyepesi kama wengi wadhanivyo. Kiganda ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti. Tuni ikipanda pale neno lishukapo, maana hupotea, na watazamaji hucheka pasipo mzaha.

Kisa chenyewe ni cha kunyang'anyana ufalme. Watazamaji hawakukawia kuyakumbuka ya mwaka 1966, jeshi lilipoishambulia ikulu ya Kabaka. Wala kisa cha namna hiyo hakimpendezi yeyote aliyetwaa madaraka kwa bunduki.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 mchezo huo ulikwenda Lagos kwa jina la Uganda, katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi, FESTAC. Wasanii walirejea nyumbani. Mwaka huo huo Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa Idi Amin, akauawa.