KUSAGA MENO USINGIZINI NA MAUMIVU YA TAYA

Wakati wa kufunga hesabu za msimu wa kahawa si ajabu katibu wa chama kuamka asubuhi taya limekaza, panja zinamwuma, na mbele ya sikio panalia kila apigapo mwayo. Wengi hudhani ni sikio, wakatia matone. Wengine wameng'olewa gego zima, na maumivu yakabaki pale pale.

Mara nyingi mwenye dalili hizo husaga meno usiku, naye hajui; anayejua ni mwenzake wa chumbani. Taya la chini limeungana na fuvu mbele ya kila sikio. Mtu akiweka kidole hapo na kufumbua kinywa, atakisikia kiungo kikitembea. Ndani yake mna kijisahani cha gegedu. Misuli ya kutafunia ikikazwa usiku kucha huchoka na kuuma, na kijisahani kikisogea, kiungo hulia.

Wasiwasi, tumbaku na pombe huchochea jambo hili. Mbege ya jioni, ambayo baadhi huisifu kuwa dawa ya usingizi, haisaidii, wala kahawa nyingi ya usiku. Wazee husema ni minyoo. Lakini dawa ya minyoo haiponyi taya.

Tiba ya kwanza ni kulipumzisha taya. Mahindi ya kuchoma, miwa na nyama ngumu viachwe kwa majuma machache, mtori watosha. Kitambaa cha maji ya moto kiwekwe shavuni robo saa, asubuhi na jioni. Mchana midomo ifumbwe lakini meno yasigusane. Wengi hupata nafuu kwa njia hiyo. Asiyepata amwone daktari wa meno, kama vile katika KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Daktari aweza kumtengenezea kifuniko cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku. Kifuniko hulinda meno yasilike. Hakikomeshi tabia yenyewe. Kupasuliwa ni nadra, na meno mazima yasing'olewe wala kuchongwa kwa ajili ya maumivu haya.

Yasichanganywe haya na pepopunda. Mtu aliyejikata kwa panga au jembe shambani, kisha baada ya siku kadhaa taya likakataa kufunguka na shingo ikakaza, asingojeshwe mtori. Apelekwe Hospitali ya Kibosho saa ile ile, hata kama kidonda kimekwisha kufunga.