Kumtunza Mgonjwa Aliyepandikizwa Mrija wa Presha ya Macho

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu neva ya jicho, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Matone yanaposhindwa kupunguza shinikizo, daktari bingwa huweza kupandikiza mrija mwembamba unaopeleka majimaji ya jicho kwenye kibamba kilichoshonwa chini ya utando wa nje. Upasuaji huu hauponyi glakoma. Hulinda uoni uliobaki.

Matatizo yanayoweza kutokea

Katika wiki za mwanzo shinikizo laweza kushuka mno, na mgonjwa akaona ukungu. Vipandikizi visivyo na vali hufungwa kwa uzi unaoyeyuka baada ya wiki kadhaa. Uzi ukiachia, shinikizo laweza kushuka ghafla. Baadaye mrija huweza kuziba, au kovu likazuia majimaji kupita. Utando ukichakaa, mrija hujitokeza nje na kufungua njia ya vijidudu. Hali hiyo yaweza kuanza bila maumivu, hivyo usikose kliniki kwa kuwa tu jicho haliumi.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:
- maumivu makali au wekundu unaoongezeka;
- uoni kupungua ghafla;
- usaha, au machozi mengi yasiyo ya kawaida;
- mrija au kibamba kuonekana wazi;
- jicho kugongwa.

Usisubiri mavuno wala siku ya gulio. Maambukizi ndani ya jicho huweza kulipofusha kwa siku chache.

Kwa wakazi wa Kerende na vijiji jirani

Safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, Mwanza, ni ndefu. Kabla ya kuruhusiwa, omba maandishi yanayotaja aina ya kipandikizi, tarehe ya upasuaji na simu ya kliniki ya macho. Yaoneshe kwenye kituo cha afya kilicho karibu ili rufaa isichelewe.

Jiepushe na vumbi la kusaga mawe ya dhahabu. Usioshe jicho kwa maji ya mto, wala usitie dawa za kienyeji. Usijinunulie matone yenye steroidi: yaweza kupandisha shinikizo. Matone uliyoandikiwa usiyaache bila idhini ya daktari, na kagua tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa.

Ukishuku kuwa dawa au kipandikizi kina kasoro, mweleze mtoa huduma na uombe taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Hiyo ni haki yako.