Mtoto Ndani ya Gari: Mikono ya Mama Si Mkanda

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni hapa hapa Junda, nyumba kwa nyumba na katika kliniki ya watoto. Leo hatutazungumza juu ya malaria wala kipindupindu. Tutazungumza juu ya gari la familia na mtoto anayepanda ndani yake.

Huenda ukauliza, muuguzi na gari wapi na wapi? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sisi wazazi hatukosi siku ya chanjo ya surua, lakini tukitoka kliniki twampakata mtoto huyo huyo kwenye kiti cha mbele na safari inaanza.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku moja ya Idi tulikuwa twaenda kuwatembelea wazee. Shemeji yangu aliendesha, mimi nilikaa mbele, na binti yangu wa miezi minane nilimpakata. Nilijifunga mkanda, nikaona nimemaliza. Kabla ya kufika Mwandoni tuktuk ilitukata mbele, shemeji akakanyaga breki. Mtoto alinitoka mikononi, paji la uso likagonga dashibodi. Alivimba nundu, akalia sana, na kwa rehema za Mungu hakuumia zaidi ya hapo. Hatukugongana na mtu. Ilikuwa ni breki tu. Na mimi nimesomea uuguzi.

Kwa nini mikono haitoshi?

Gari likisimama ghafla, kila kilichomo ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo ule ule. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huvutwa mbele kwa nguvu ya uzito wake mara 20 au zaidi. Yaani huyo mtoto sasa ni kilo 200. Ni nani kati yetu awezaye kushika kilo 200 kwa ghafla? Kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Na kilomita 50 ndio mwendo unaoruhusiwa mjini, si mbio za barabara kuu.

Wako wanaomfunga mtoto pamoja nao kwa mkanda mmoja. Hilo ni baya zaidi. Mwili wa mtu mzima humbana mtoto dhidi ya mkanda, na tumbo na kifua chake huumia. Vile vile mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa leso asikae garini hivyo hivyo. Mtoto atabanwa kati ya mgongo na kiti. Mfungue kwanza.

Mtoto akae wapi?

Mahali pa watoto ni kiti cha nyuma. Kisha tutazame umri na kimo.

Kwanza, mtoto mchanga na wa mwaka mmoja au miwili. Kichwa chake ni kizito na shingo bado ni laini. Huyu hutumia kiti chake maalumu kinachotazama nyuma ya gari, ili mshtuko upokewe na mgongo wote badala ya shingo. Kadiri anavyoendelea kuenea humo, muache humo. Kiti hiki kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Mfuko ule hufumuka kwa kishindo na unaweza kumuua mtoto.

Pili, akikua kuliko kiti hicho, huhamia kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake ya mabegani na kiunoni.

Tatu, akikizidi na hicho, hukalia kiti cha kumuinua, ambacho madukani hukiita busta, ili mkanda wa gari umkae sawasawa. Huendelea nacho hadi afike kimo cha sentimita 150 hivi.

Mkanda ukikaa sawasawa utaujua: sehemu ya chini hulala juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, sehemu ya juu hupita katikati ya bega na kifua, si shingoni. Usiupitishe chini ya kwapa. Usimkalishe mtoto juu ya mto wa nyumbani, maana mto huteleza. Na mkanda mmoja ni wa mtoto mmoja.

Najua viti hivi si vya kila mfuko. Ukikiona kwenye mitumba, iwe Kongowea au kwingineko, kitazame vizuri: plastiki isiwe na ufa, mikanda isiwe imechakaa, kifungio kishike, na tarehe ya mwisho ya matumizi iliyopigwa kwenye kiti isiwe imepita. Kama hujui kimewahi kupata ajali au la, kiache.

Na kama leo huna kiti kabisa? Nitasema ukweli: hakuna njia ya mkato iliyo salama. Lakini hatari yaweza kupungua. Mzazi akae nyuma, ajifunge mkanda peke yake, na mtoto mchanga awe nje ya mkanda huo, mikononi mwake. Mtoto mkubwa akae peke yake, afungwe mkanda chini ya tumbo. Na dereva aende polepole. Huku ni kupunguza hatari tu. Endelea kuweka akiba ya kiti.

Mikanda ya nyuma iko wapi?

Magari yetu mengi yamekuja bandarini yakiwa yametumika Japani. Yana mikanda ya nyuma, lakini ukiingia huioni. Tumeweka kava za viti za kupendeza, vifungio vimezikwa chini. Jioni ya leo, nakuomba baba mwenye gari, inua kiti cha nyuma, toa vifungio vyote, toboa kava pale panapohitajika, kisha vuta kila mkanda kwa ghafla uone kama unakaza.

Wengi mnakumbuka Februari 2004, zilipoanza kutumika kanuni za waziri John Michuki. Matatu zikalazimika kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka abiria wakilalamika kwamba mikanda yachafua nguo. Uchafu hufuliwa, msikilizaji. Mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa abiria wa mbele kwa karibu nusu.

Hatari gari likiwa limesimama

Joto letu la Mombasa mwalijua. Gari lililofungwa juani huweza kuongezeka joto kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Usimuache garini hata kama unaingia dukani mara moja. Kufungua kioo kidogo hakusaidii.

Vichochoro vyetu vya Junda ni vyembamba na watoto huchezea papo hapo. Kabla ya kurudi nyuma, dereva ashuke, azunguke gari, atazame hata chini yake. Mtu mzima awashike watoto mkono mpaka gari liondoke. Milango ya nyuma ina kitufe kidogo pembeni kinachozuia mtoto asifungue kwa ndani, kitumie. Na buti ni ya mizigo, si ya watoto, hata siku ya harusi.

Ajali ikitokea

Usimnyanyue mtoto kwa pupa, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine pale pale. Huenda shingo imeumia. Piga 999 au 112. Panapotoka damu, bana kwa kitambaa safi. Usimpe chakula wala kinywaji.

Hata akionekana mzima, mtazame kwa siku nzima na usiku wake. Mpeleke hospitali mara moja ukiona anatapika tena na tena, analala na haamki vizuri, ana degedege, anakataa kunyonya, au anatoka damu au maji puani au masikioni. Mimi usiku ule wa Idi sikulala, nilikuwa nikimuamsha binti yangu kila mara. Usingizi wa usiku ule ningeweza kuununua kwa kukaa nyuma na kumweka kwenye kiti chake.

Mambo ya kukumbuka

1. Mtoto akae nyuma, kila mmoja na mkanda wake.
2. Mtoto mchanga atazame nyuma, wala asipakatwe mbele.
3. Toa vifungio vya mikanda chini ya kava.
4. Usimuache mtoto peke yake garini.
5. Zunguka gari kabla ya kurudi nyuma.

Swali la kuzungumza nyumbani: katika gari mnalopanda, mikanda inayofanya kazi ni mingapi, na watoto ni wangapi?

Kinga ni bora kuliko tiba.