Kujifunza Anatomia ya Wanyama kwa Kompyuta

Anatomia ndiyo msingi wa kazi ya daktari wa mifugo: asiyejua kiungo kilipo hawezi kukipima wala kukifanyia upasuaji. Kwa miaka mingi somo hili limefundishwa kwa kupasua mizoga iliyohifadhiwa kwa formalini, kemikali inayowasha macho na inayoweza kusababisha saratani.

Masomo ya kielektroniki hupunguza utegemezi huo. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, kilitengeneza programu ya anatomia ya mbwa inayoonyesha picha za upasuaji halisi, misuli hadi mifupa. Kwa ng'ombe, michoro ya pande tatu hubainisha vyumba vinne vya tumbo: rumeni, inayojaza upande wa kushoto na kubeba zaidi ya lita 100, kisha retikulamu, omasamu na abomasamu. Mwanafunzi huzungusha mchoro, hurudia somo apendavyo na kujipima kwa maswali.

Hata hivyo, skrini haiufundishi mkono uzito wa ini, ulaini wa utumbo wala namna ya kushika kisu. Kwa hiyo njia bora ni kujiandaa kwanza kwenye kompyuta, kisha kuingia maabara.